Kinu Kilijizima Salama, Nyambizi Ikazama: Uchambuzi wa Kisa cha Thresher

Saa 3 na dakika 13 asubuhi, tarehe 10 Aprili 1963, meli ya uokoaji Skylark ilipokea ujumbe kupitia simu ya chini ya maji. Ilikuwa ikielea kwenye Bahari ya Atlantiki, kilomita 350 hivi mashariki ya Cape Cod nchini Marekani, na chini yake nyambizi ya nyuklia ya Marekani, Thresher, ilikuwa ikishuka hatua kwa hatua kuelekea kina chake cha majaribio, karibu mita 400. Ujumbe ulitolewa kwa utulivu: kuna tatizo dogo, pua imeelekea juu, tunajaribu kupuliza matangi. Hazikupita hata dakika 6, vinasa sauti vya Jeshi la Majini vilivyotegwa baharini vikanasa kishindo cha chuma kikipondwa na maji. Watu 129 walikufa, 17 kati yao wakiwa raia waliopanda kwa ajili ya majaribio. Mabaki yalikutwa yametawanyika kwenye sakafu ya bahari, kina cha zaidi ya mita 2,500.

Kisa hiki tumekijadili sana hapa Moshi, katika kikundi cha waendesha boila, mafundi umeme na walimu wa fizikia tunaokutana Jumamosi jioni kwenye karakana moja ya Majengo. Kila ninapokitaja kwa mtu mgeni, swali la kwanza ni kama kinu cha nyuklia kililipuka. Hakikulipuka, wala hakikuyeyuka. Kwa ushahidi uliopo, kinu kilifanya kile ambacho wabunifu wake walitaka kifanye mambo yanapoharibika: kilijizima. Ninachokiona mimi ni kwamba kuzimika huko, pamoja na kanuni iliyotakiwa kufuatwa mara baada yake, ndiko kulikoinyima nyambizi nguvu ya kupanda katika dakika chache ilizokuwa nazo.

Tuanze na mtambo wenyewe. Thresher ilikuwa na kinu kimoja cha aina ya S5W, kilichobuniwa na kampuni ya Westinghouse, kikiipa propela nguvu farasi 15,000. Ndani ya kinu, nyutroni zinapasua viini vya urani. Kila mpasuko unatoa joto na nyutroni nyingine za kupasua viini vingine. Joto hilo linachukuliwa na maji yanayozungushwa na pampu bila kupumzika. Maji hayo ni ya moto kupita nyuzi 100 kwa mbali, lakini hayachemki kwa sababu yamebanwa kwa shinikizo kubwa. Yanaingia kwenye mabomba membamba yaliyomo ndani ya chombo ambacho kwa lugha yetu ya kazini ni boila tu, yanaacha joto lake kwa maji mengine yaliyoko upande wa nje wa mabomba, kisha yanarudi kwenye kinu. Maji haya ya pili ndiyo yanayogeuka mvuke. Mvuke unazungusha tabaini: zile kubwa zinaendesha propela kupitia gia, zile ndogo zinaendesha jenereta za umeme. Ukishafanya kazi, mvuke unapozwa kwa maji ya bahari, unarudi kuwa maji, unasukumwa tena kwenye boila.

Kuanzia kwenye boila kwenda mbele hakuna cha nyuklia tena. Mtu aliyezoea mvuke wa kiwanda cha sukari cha TPC kule Arusha Chini, ambako makapi ya miwa yanachomwa kuzalisha umeme, angeingia kwenye chumba cha mashine cha Thresher na kutambua karibu kila kitu: vali kuu ya mvuke, tabaini, kondensa, pampu ya kurudisha maji. Tofauti ni kwamba mahali pa tanuru pana chuma kinene kilichofungwa, na moto wake hauhitaji hewa.

Kutohitaji hewa ndiko kulikobadilisha vita vya majini. Nyambizi za dizeli zilikuwa zikikimbia kwa betri zikiwa chini, kisha lazima zisogee juu kuvuta hewa na kuchaji. Nautilus, nyambizi ya kwanza ya nyuklia, ilianza safari kwa nguvu ya kinu tarehe 17 Januari 1955, na tarehe 3 Agosti 1958 ikapita chini ya barafu ya Ncha ya Kaskazini. Thresher, iliyokabidhiwa jeshini Agosti 1961, ilikuwa ya kizazi kilichofuata: iende chini zaidi, kimya zaidi.

Kuna tabia moja ya vinu hivi inayonivutia kuliko zote, na bila kuielewa kisa hiki hakieleweki. Nahodha akitaka mwendo zaidi, hakuna anayekimbilia fimbo za kudhibiti, zile zinazoingizwa ndani ya kinu ili zinyonye nyutroni. Fundi anafungua vali ya mvuke. Mvuke mwingi ukitoka, boila inapoa kidogo, na maji yanayorudi kwenye kinu yanakuwa na joto pungufu. Maji yenye joto pungufu yameshikana zaidi, kwa hiyo yanapunguza mwendo wa nyutroni vizuri zaidi, na nyutroni za mwendo wa polepole ndizo zinazopasua urani kwa urahisi. Mipasuko inaongezeka, joto linapanda, mpaka kinachotolewa na kinu kilingane na kinachochukuliwa na tabaini. Ukifunga vali, mambo yanakwenda kinyume: maji yanapata moto, mipasuko inapungua, kinu kinatulia chenyewe. Tabaini inaomba, kinu kinaitikia, na fimbo zinabaki kwa kazi ya kuwasha, kuzima na kurekebisha. Hii ni sababu mojawapo iliyofanya vinu vya maji yenye shinikizo viifae meli, ambayo mahitaji yake ya nguvu hubadilika kila dakika. Lakini tabia hiyohiyo ina sura ya pili: maji yakipoa ghafla, kinu kinasukumwa kuongeza mipasuko hata pale usipotaka.

Sasa turudi kwenye asubuhi ile. Mahakama ya Uchunguzi ya Jeshi la Majini iliona kwamba chanzo chenye uwezekano mkubwa zaidi ni kuachia kwa kiungo cha bomba la maji ya bahari ndani ya chumba cha mashine. Msomaji anaweza kujiuliza maji ya bahari yanatafuta nini ndani ya nyambizi. Nimeshayataja: yanapoza mvuke, na yanapoza mashine nyingine pia. Maana yake shinikizo la bahari haliishii kwenye ganda la nje. Linaingia ndani kupitia mabomba na linakaa pembeni mwa watu na umeme. Kwenye kina cha mita 400, kila sentimita ya mraba inabanwa kwa kani sawa na uzito wa kilo 40 na ushei. Ufa mdogo tu unatoa maji kwa nguvu ya kukata, na chumba kizima kinajaa ukungu wa chumvi.

Viungo vyenyewe viliungwa kwa aloi ya fedha iliyoyeyushwa, kazi ambayo kwa nje inaweza kuonekana safi huku ndani aloi haijasambaa. Nyambizi hiyo ilikuwa na viungo vya namna hii takriban 3,000. Wakati wa matengenezo yaliyotangulia safari, viungo 145 vilipimwa kwa mawimbi ya sauti, na karibu asilimia 14 vikakutwa chini ya kiwango. Nikiwa mtu wa kazi hii, hapo ndipo ninapopata uchungu kuliko sehemu nyingine yoyote ya kisa. Sampuli inayokuambia kiungo kimoja kati ya saba kina walakini haijaja kukuruhusu uondoke bandarini. Imekuja kukuambia upime vilivyobaki.

Kwa maelezo ya Mahakama, maji yakanyunyizia vifaa vya umeme, kukatokea shoti, na umeme ulipoyumba mfumo wa ulinzi ukaangusha fimbo. Kinu kikazimika ndani ya sekunde chache. Nyambizi nzito, kwenye kina cha mwisho, ikabaki na mota ndogo ya betri isiyoweza kuisukuma kwa kasi ya maana.

Tulipofika hapa, mzee mmoja aliyestaafu kuendesha boila akanikatiza.

“Mwalimu, ngoja kwanza. Mimi nikikata makapi saa hii, tanuru likafa, boila bado ina mvuke. Huo wa kwao ulikwenda wapi?”

“Haukwenda popote, Mzee. Ulikuwepo.”

“Sasa kwa nini hawakuutumia?”

Mtu ambaye hajawahi kuona kinu aligusa kiini cha jambo. Mvuke ulikuwepo, tena kwa sababu mbili. Kwanza, tani za maji moto na chuma moto haziwezi kupoa kwa kufumba na kufumbua. Pili, hata mipasuko ikikoma, vile vipande vya urani iliyokwisha kupasuka bado si tulivu. Vinaendelea kutoa mionzi na joto. Mara tu kinu kinapozimwa, joto hilo la masalia ni asilimia 6 hadi 7 ya nguvu iliyokuwepo, na linashuka hadi kwenye asilimia 1 na kitu baada ya saa nzima. Tanuru la makapi halina deni la namna hiyo. Kwa nyambizi inayotaka kupanda mita 400, dakika chache za mvuke uliohifadhiwa zinaweza kuwa zote inazohitaji.

Kanuni ya wakati ule ilisema kinu kikizimika kwa dharura, vali kuu za mvuke zifungwe. Na haikutungwa kwa uzembe. Ukiendelea kuvuta mvuke wakati kinu hakitoi joto la kutosha, maji ya kinu yanapoa haraka. Yakipoa yanasinyaa, na shinikizo linashuka. Chuma kinene cha chombo kinapata mkazo kwa kupoa upesi upande mmoja kuliko mwingine. Na ile sura ya pili niliyoitaja inaamka: maji baridi yanaongeza mwelekeo wa kinu kuwaka tena. Kwa hiyo ufunge mvuke, utunze joto, halafu uanze taratibu za kuwasha upya. Taratibu hizo zilichukua dakika nyingi kuliko zile Thresher ilizobakiwa nazo.

Mwalimu mmoja wa fizikia hakuridhika na sababu ya mwisho. “Mzee wangu, samahani niingilie,” alisema, kisha akanigeukia. “Fimbo zote zikiwa zimeshaingia, maji baridi yatakiwashaje? Si kinu kimetengenezwa kibaki kimezimika hata kikiwa baridi kabisa?”

Yuko sahihi, na jibu lake linaipa hoja yangu nguvu. Fimbo zote zikiwa ndani, akiba ya usalama ni kubwa, kubwa ya kutosha kuhimili hata baridi kamili. Hofu ya kweli ilikuwa mkazo kwenye chuma, shinikizo kushuka, na ugumu wa kuwasha tena kinu kilichopoa kupita kiasi. Yote hayo ni madhara kwa mtambo. Ni madhara makubwa na ya gharama, pengine ya kuupeleka mtambo kwenye matengenezo ya miezi. Lakini unapopima mtambo kuharibika dhidi ya nyambizi kuzama na kila aliyemo, mizani iko wazi. Kanuni ilitungwa na watu waliokuwa wakikitazama kinu peke yake, na ikafungwa ndani ya chombo ambacho kinu ndicho miguu yake. Waliokuwa zamu asubuhi ile walifundishwa kufuata kanuni kwa nukta, na siwezi kuwalaumu kwa hilo.

Baada ya ajali, taratibu zilibadilishwa: mvuke uliobaki uweze kutumika kusukuma meli kwenye dharura hata kinu kikiwa kimezimika, na kuwasha upya kufanyike kwa haraka zaidi. Admirali Hyman Rickover, aliyeongoza mpango mzima wa vinu vya jeshi hilo na ambaye ukali wake ulijulikana, alipofika mbele ya kamati ya Bunge la Marekani alielekeza lawama kwa ubora wa kazi ya viwandani: uunganishaji, ukaguzi, usimamizi. Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Ila naona kwamba kanuni ya vali, iliyotoka upande wake, inastahili kuwekwa kwenye mizani ileile.

Bado ilikuwepo njia ya pili ya kupanda: kupuliza hewa iliyobanwa kwenye matangi, itoe maji, chombo kiwe chepesi. Hewa ilihifadhiwa kwa shinikizo la karibu mara 300 ya hewa ya kawaida. Nayo ilikwama, na sababu yake tuliiona kwa macho palepale karakanani. Fundi alichukua mtungi wa hewa iliyobanwa, akafungua vali yote kwa mara moja. Hewa ilitoka kwa mluzi, na kabla mluzi haujapungua shingo ya vali ilikuwa nyeupe; mtu mmoja aliigusa akaondoa kidole haraka. Hewa inayopanuka ghafla inapoa vikali, na unyevu uliomo unaganda. Kwenye Thresher mabomba ya hewa yalikuwa na vichujio vidogo vya kuzuia takataka. Unyevu uliganda juu ya vichujio, barafu ikaziba njia. Jeshi lilipojaribu jambo hilo bandarini kwenye nyambizi ndugu, Tinosa, mtiririko ulizibika ndani ya takriban sekunde 30. Hewa ambayo haikukaushwa vizuri na vichujio vidogo vilikuwa vimefunga mlango wa mwisho.

Lazima niseme kwamba mpangilio huu wa matukio unabishaniwa. Mchambuzi wa sauti Bruce Rule, aliyezipitia rekodi za vinasa sauti vya baharini, alishikilia kuwa hitilafu ya umeme ndiyo iliyotangulia: pampu za kinu zilisimama, kinu kikazimika, na hakuna sauti ya mafuriko makubwa kabla ya ganda kupondwa. Mwaka 2020 mahakama ya Marekani iliamuru nyaraka za uchunguzi zitolewe kwa umma, na mabishano yakapata kuni mpya. Mimi naipa hoja ya Rule uzito, kwa kuwa mafuriko kwenye kina kile hayawezi kuwa kimya. Hata hivyo, ukifuata njia ya Mahakama au ya Rule, unafika kituo kilekile: umeme umekwenda, kinu kimezimika, mvuke umefungiwa, hewa imeganda. Bomba linaweza kuondolewa kwenye hadithi. Kuzimika kwa kinu hakuondoki.

Hapa tofauti ya nyambizi na meli ya juu inajionyesha. Meli kubwa ya kubeba ndege, Enterprise, iliyoingia kazini mwaka 1961, ilikuwa na vinu 8. Zile za kundi la Nimitz zina 2 kila moja, na Charles de Gaulle ya Ufaransa ina 2. Kimoja kikizimika, kingine kinaendelea. Hata vyote vikizimika, meli itaelea na kusubiri. Wasovieti waliziwekea nyambizi zao nyingi vinu 2. Wamarekani kwa kawaida walishikilia kimoja, ili chombo kiwe kidogo na kimya, na uamuzi huo una mantiki yake. Lakini ukichagua kimoja, basi kila kanuni ya kukizima inageuka kuwa kanuni ya kuzamisha au kuokoa.

Swali la mionzi liliibuka pia, na kwa watu wa kanda hii ni la kawaida, maana wengi wanaifahamu Tume ya Nguvu za Atomiki kwa maabara zake za Njiro, Arusha, zinazopima mionzi kwenye vyakula na bidhaa nyingine. Je, kinu kilichopo chini ya Atlantiki kinachafua samaki? Maji, matope na viumbe vya eneo hilo vimepimwa mara kadhaa kwa miaka mingi. Kilichopatikana ni chembe kidogo za kobalti ya mionzi kwenye matope ya karibu, kiasi kisicho na athari ya maana kwa mazingira. Fueli ya vinu vya kijeshi imefungwa ndani ya metali ngumu inayostahimili kutu na mshtuko, na kinu kilikuwa kimezimwa kabla ganda halijapondwa.

Yule mzee wa boila alibaki na jambo moja. Alitaka kujua nani, ndani ya nyambizi ile, alikuwa na mamlaka ya kusema: acha vali wazi, tutaijibu kanuni tukifika juu. Mwalimu wa fizikia alimwambia kwamba nahodha ana mamlaka juu ya kila kitu ndani ya chombo. Mzee akatikisa kichwa. Kwa uzoefu wake, mamlaka ambayo hayajaandikwa kwenye karatasi ya zamu hayatumiki katika dakika ya tatu ya dharura, kwa sababu mikono hufanya ilichofundishwa. Nakubaliana naye, na ndiyo maana nayathamini mabadiliko ya taratibu kuliko hotuba zote zilizotolewa baada ya ajali.

Upande wa mabomba na hewa, Desemba 1963 Jeshi la Majini lilianzisha mpango wa usalama wa nyambizi uitwao SUBSAFE. Kila kiungo, vali na kipande cha ganda kinachozuia bahari kuingia kinatakiwa kuwa na kumbukumbu: kimetengenezwa kwa chuma gani, nani alikiunga, nani alikikagua na kwa kipimo gani. Mfumo wa kupuliza matangi ukaundwa upya ili hewa ipite kwa wingi bila kuganda njiani. Tangu hapo, nyambizi moja tu ya Marekani imepotea baharini, Scorpion, Mei 1968, ikiwa na watu 99. Scorpion ilikuwa bado haijapitishwa kikamilifu kwenye SUBSAFE. Kazi yake ilikuwa imeahirishwa ili irudi baharini mapema.